Mstari Aliouruka Baba Yenu

Funga mlango huo, kitindamimba wangu, uwaache majirani nje na masikio yao, kisha unisogezee mto mgongoni nikae wima kidogo, maana haya sitayasema nikiwa nimelala chali kama mgonjwa wa kuombewa. Sikilizeni, wanangu, wote watatu. Bwana Karani, wewe andika. Nimekuita kwa sababu huna urithi hapa wala huna ugomvi na mtu, na neno nitakalolisema uliandike lilivyotoka mdomoni mwangu, usilipambe. Nina pumzi chache na hasira nyingi, kwa hiyo asinikatize mtu.

Wewe Mchungaji, mwanangu wa kwanza, weka hiyo Biblia chini. Nimekuona ulivyoingia nayo, umeikumbatia kifuani kama askari na rungu lake. Najua ulichokuja kufanya. Umekuja kunisomea kidogo, kisha uniombee, na katikati ya maombi uiguse habari ya nyumba ili mimi niitikie amina bila kujua nimeitikia nini. Unasema ulitaka tu tuanze kwa neno. Tumeshaanza, baba. Neno la leo nalisema mimi.

Na wewe uliyekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mwenye saruji kwenye kucha, binti yangu fundi wa vigae, sogea nikuone. Hutaki. Basi kaa hapo hapo, ni haki yako. Miaka ishirini na miwili hujakanyaga sakafu hii, na nimekuona ulipoingia, kabla hata ya kunitazama mimi ulitazama sakafu, ukaona ilivyopasuka. Jicho la fundi halilali. Nashukuru umekuja. Nitakuja kwako mwishoni, kwa sababu kwako ndiko kugumu.

Bwana Karani, tuanze na mali. Nyumba hii yenye vyumba vinne na duka la mbele ilinunuliwa kwa mshahara wangu wa kufua mashuka, na hati ina jina langu. Baba yao alilipia bati na milango, na kwa hayo nilimshukuru akiwa hai. Nyumba hii nawapa binti zangu wawili, sawa kwa sawa. Haitauzwa wakati kitindamimba bado anaishi humo. Ukuta kati ya sebule na duka hautabomolewa. Nalisema hili la ukuta kwa sababu mwezi uliopita, nilipokuwa nimelala humu wakidhani nimepotewa na fahamu, nilimsikia Mchungaji na mtu wake wakipima sebule yangu kwa futi, mmoja akishika huku na mwingine kule, wakihesabu viti vya waumini vitakavyoenea. Mimi ni mzima na wao wananipimia ukumbi.

Unatikisa kichwa, Mchungaji. Unataka kusema mabinti hawarithi nyumba ya baba akiwapo mtoto wa kiume. Kwanza si nyumba ya baba. Pili, nenda kitabu cha Hesabu ukawasome mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na makuhani na mkutano mzima wakaulizia urithi wao. Najua wao hawakuwa na kaka, lakini Musa hakuwafukuza. Alikwenda kumuuliza Mungu, na Mungu akamwambia kwamba wale wasichana wana haki katika hilo wanalolisema. Umehubiri miaka kumi na minne, na sijakusikia hata siku moja ukiwataja. Wamo humo humo kwenye kitabu ulichokikumbatia.

Wewe umeachiwa Biblia ya baba yako, ile kubwa yenye zipu. Uliitaka tangu siku ya mazishi yake. Iko ndani ya kabati, ichukue. Na sasa nitakueleza kwa nini sikupi kingine, na nawaeleza wote watatu jambo nililolificha kwa muda mrefu kuliko umri wa kitindamimba.

Nilipoolewa sikujua kusoma. Baba yenu alilijua hilo, na nadhani lilikuwa sehemu ya sababu ya kunioa. Alikuwa mtunza stoo, mtu wa suti moja safi, mzee wa kanisa kabla hajafika miaka thelathini, na sitamnyima haki yake, alisoma vizuri. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi. Kila jioni baada ya kula aliifungua zipu ile, sisi tukanyamaza, akasoma. Kilichosomwa kilikuwa sheria ya nyumba. Chumvi ikizidi kulikuwa na mstari. Nikichelewa kazini kulikuwa na mstari. Na mstari aliourudia kuliko yote, kila Jumamosi aliporudi mchana baada ya kulala nje, akiwa amevaa shati tofauti na alilotokea nalo, ulikuwa huu: imeandikwa, mke asimuulize mumewe alikotoka.

Mimi niliamini. Ningejuaje? Nilidhani Mungu mwenyewe amekaa chini, akafikiria nyumba yangu na Jumamosi zangu, akaandika hivyo. Nikawa namwogopa Mungu kama unavyomwogopa msimamizi anayemsikiliza mtu mmoja tu kazini, na mtu huyo si wewe.

Kazi yangu mnaijua. Nilifua mashuka ya hospitali, kwenye kile chumba chenye mvuke nyuma ya jengo, mashine nne na moja mbovu siku zote. Kila shuka lilipigwa muhuri wa wino kwenye pindo kuonyesha linakotoka, na sisi tusiojua kusoma tulikuwa tukitenganisha kwa rangi ya wino. Siku moja wino wa rangi ukaisha, wakapiga mihuri yote kwa mweusi. Nikachanganya mashuka ya upasuaji na ya wodi ya watoto, nikaitwa ofisini, nikaonywa. Nilirudi nikiwa nalia kwa hasira, na mwanamke aliyekuwa akipiga pasi ya mvuke, mnamkumbuka, Mama Pasi, yule mnene mwenye kovu la moto mkononi, akanishika bega akasema, "Dada, unalilia herufi? Njoo, hazizidi ishirini na nne na hazina meno."

Akanifundisha kwenye mapindo ya mashuka. Neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu ni UPASUAJI. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. La pili lilikuwa WATOTO. Baada ya miezi kadhaa mapindo hayakunitosha, naye akaniletea Biblia isiyo na jalada, iliyosahauliwa kitandani na mgonjwa ambaye hakurudi kuidai. Tukawa tunasoma saa ya chakula, ndani ya ghala la mashuka, tumekalia marobota. Nilimwambia nina mstari wangu mmoja ninaoutafuta. Akaniuliza uko wapi. Nikamwambia sijui, mume wangu hanitajii kitabu, anasema tu imeandikwa. Akacheka akasema, "Basi itabidi tuanze mwanzo."

Tulianza mwanzo, wanangu. Miaka mitatu na miezi minne, ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya neno, nikimtafuta yule mke asiyetakiwa kumuuliza mumewe alikotoka. Nilipita kwenye orodha za majina, nikapita kwenye vipimo vya hema, nikapita manabii wote wakubwa kwa wadogo. Nilipofika mwisho wa Ufunuo nilirudi nikamwambia Mama Pasi, haupo. Akasema, "Nilijua haupo tangu siku ya kwanza." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nusura nimpige. Akanijibu, "Ningekwambia, ungekuwa umeamini mdomo wangu badala ya mdomo wake. Ungehama nyumba lakini ungebaki mpangaji."

Maji kidogo. Asante, mama.

Kwa hiyo nilikitafuta kitu kisichokuwamo, na nikitafuta nikakuta vilivyomo. Nilikuta kitabu kimejaa watu wanaouliza. Hajiri, mjakazi, amekimbilia jangwani, anampa Mungu jina kwa kinywa chake mwenyewe na Mungu hakasiriki. Ayubu amekaa kwenye majivu akijikuna, anamgombeza Mwenyezi sura baada ya sura, na mwisho Mungu anasema huyu ndiye aliyesema yaliyo sawa. Marafiki zake, waliokuja na maneno mazuri yaliyopangwa vizuri, ndio walioambiwa wakaombewe. Na hapa, Mchungaji, nakugeukia tena. Yale maneno uliyoyaandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kanisa lako, na kwenye fulana za waimbaji, yanayoahidi kwamba mwanzo ukiwa mdogo mwisho utakuwa mkubwa sana, unajua ni nani aliyeyasema? Ni Bildadi. Alikuwa akimwambia mtu aliyezika watoto kumi kwamba watoto wake walistahili kufa. Mungu aliyakataa maneno ya huyo mtu, nawe umeyapigia misumari ukutani na watu wanapita chini yake wakisema amina. Hukumuuliza anayesema ni nani. Hukuuliza anamwambia nani. Uliona sentensi tamu ukaichuna, ukaenda zako.

Usiniambie nakushambulia. Ndiyo, nakushambulia. Wewe ni mwanangu, nimekubeba, nina ruhusa. Hata yule mjaribu kule juu ya mnara wa hekalu alitaja andiko, na hakulikosea sana, ila alilitumia kumsukuma mtu aanguke. Kujua mistari si kitu. Kasuku wa mwenye hoteli pale sokoni naye anajua mistari. Kitabu hiki ukikisoma kwa ajili ya kupata cha kumpigia mwenzako, utakipata, maana ni kikubwa na kina kila kitu. Ukikisoma kwa ajili ya kupigwa wewe mwenyewe, hapo ndipo kinapoanza kukuponya. Baba yenu alisoma kila siku ya maisha yake na sijamwona akipigwa hata mara moja.

Lakini mimi nilipigwa. Nilipigwa na sikubadilika, na hilo ndilo nililowaitia, hayo mengine yote yalikuwa njia tu.

Fundi wangu, sasa nimefika kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tukikunja nguo uani, wewe na mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu wa nyumba hii kwamba najua kusoma. Nikakwambia habari ya ule mstari, kwamba nimeutafuta kitabu kizima na haupo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilifurahi sana siku ile, na sikufikiri. Nilikupa moto uushike kwa mkono mtupu.

Jumapili iliyofuata watu wa ushirika walikuwa hapa sebuleni, kumi na wawili au kumi na watatu, na baba yako akafundisha juu ya ndoa, akausema ule mstari. Ukainua mkono. Ukauliza kwa adabu kabisa, nakumbuka, "Baba, naomba kitabu na sura, nikaandike kwenye daftari langu." Akasema utaoneshwa baadaye. Ukasema, "Kwa sababu nimeambiwa haupo." Akakuuliza nani amekuambia. Ukanitazama, mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikaviangalia vikombe. Nikavipanga upya, mishikio ielekee upande mmoja. Na wewe ukasema, "Hakuna mtu. Nimejisomea mwenyewe."

Ulinificha. Mtoto ndiye aliyemficha mama yake.

Wageni walipoondoka akatuita sote, akafungua zipu, akasoma Mathayo, sura ya kumi na nane, pale panaposema mkono wako au mguu wako ukikukosesha ukate uutupe mbali. Akasema mkono huo ni wewe. Akafunga kitabu. Akamwambia Mchungaji, ambaye wakati huo hakuwa mchungaji wa kitu chochote, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye shingo nyembamba, alibebe sanduku lako alitoe nje. Naye akalibeba.

Wanangu, mimi sura ile nilikuwa nimeshaisoma. Nilikuwa nimeisoma mara mbili. Nilijua kwamba anayeambiwa akate ni mwenye mkono, akate wake mwenyewe, wala si wa mwanawe. Na nilijua kinachofuata. Mistari miwili tu mbele, kwenye ukurasa ule ule, yule yule aliyesema habari ya kukata anawaonya wasimdharau hata mmoja wa wadogo hawa, kisha anasema habari ya mtu mwenye kondoo mia, mmoja akapotea, akawaacha wale tisini na tisa mlimani akaenda kumtafuta huyo mmoja. Ilitosha nifungue mdomo niseme, mume wangu, endelea kusoma. Maneno manne. Baba yenu alifunga kitabu kabla ya kondoo, nami nikamwacha akifunge.

Nilijiambia nina watoto wengine wa kulisha. Nilijiambia kitindamimba bado ananyonya. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Niliogopa. Nilikuwa na neno lenyewe mkononi, nililolitafuta miaka mitatu na miezi minne, na nililiogopa kuliko yeye. Kwa hiyo msije mkasema kwenye mazishi yangu kwamba mama alikuwa mwanamke wa neno. Asiyejua kusoma ana udhuru. Mimi sikuwa nao.

Mama Pasi ndiye aliyekupokea. Alinijia kazini kesho yake, akaniambia uko kwake, kisha akanishika mkono akaniuliza jambo moja tu, "Kwa hiyo tulisoma kwa ajili ya nini?" Hakukaa nami tena ghalani. Alinipita miaka sita yote iliyobaki, ananisalimu vizuri tu, anaendelea na pasi yake. Baba yenu alipokufa nilipata mlango wazi wa kukuita. Ulikuja mazishini, ukasimama nje ya uzio, nilikuona. Sikukuita kwa sababu kukuita kungenilazimu kueleza. Hiyo ni miaka tisa mingine, na hiyo siwezi kumwekea marehemu. Hiyo ni yangu.

Sikuombi unisamehe leo, hapa, mbele ya karani, ukiwa umebanwa na kitanda cha mgonjwa. Huo nao ungekuwa ujambazi. Nakwambia tu mbele ya ndugu zako: ulikuwa na haki, nilijua, na nilinyamaza. Bwana Karani, umeandika? Nisomee. Ndiyo. Andika vilevile.

Umesema nini? Sema kwa nguvu, mama, masikio yangu yanakwenda.

Unasema hujui kama utaweza. Hujui. Vizuri, mwanangu. Hilo ni jibu la kweli, na ndani ya nyumba hii ni miaka mingi sijasikia jibu la kweli. Lichukue uende nalo, usiliharakishe kwa ajili yangu. Na sakafu hii, sasa ni yako na mdogo wako. Ukitaka kuibomoa yote uweke mpya, bomoa.

Nimechoka. Nipeni... hapana, si dawa. Nishikeni mkono tu.

Maagizo ya mwisho, andika haraka. Nizikwe mchana, watu waweze kurudi kazini. Asihubiri mwanangu. Asihubiri mtu yeyote. Atakayesoma, asome sura nzima, mwanzo mpaka mwisho, hata ikiwa ndefu, na wanaochoka wakae kwenye nyasi. Watoto waruhusiwe kuuliza maswali. Nguo zangu wapewe wanawake wa kule chumba cha mvuke, wachague wenyewe.

Sasa baraka. Kitindamimba, njoo. Wewe uliyenisafisha na kunigeuza miezi saba hii bila kunisomea mstari wowote, Mungu akusomee wewe. Akupe mtu wa kukuhudumia kwa mikono kama yako. Uishi. Fundi wangu, sithubutu kukuwekea mkono bila wewe kutaka. Naunyoosha tu hapa, juu ya shuka. Mungu aliyemwona Hajiri anakuona, na hahitaji mimi nikuonyeshe kwake.

Mchungaji.

Wewe sina baraka ya kukupa. Usilie, sikiliza. Si kwamba sikupendi. Imeandikwa, na hili limeandikwa kweli, Mathayo hiyo hiyo, sura ya tano, kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale pale, aende kwanza akapatane. Sasa ndugu yako huyo hapo, hatua sita. Umempita ulipoingia. Ulimwamkia kama unavyomwamkia mgeni wa kanisani.

Macho yangu yamejaa ukungu. Niambieni anafanya nini. Amesimama. Nasikia viatu. Mlango... anatoka? Hatoki.

Amesema nini? Kitindamimba, amesema nini?

"Dada, mimi ndiye niliyelibeba sanduku."

Na yeye?

"Najua. Nilikuwa nyuma yako."

Basi. Hayo yanatosha kwa leo. Msiongeze kitu, msiombe kwa sauti, mtayaharibu. Njoo sasa, mwanangu, inamisha kichwa, sikioni, mkono wangu haufiki... zaidi kidogo. Hapo. Mungu akupe... akupe njaa ya kujua. Akuondolee... akuondolee ile haraka. Uwe mchungaji wa... wa hata mmoja.

Karani, usiandike tena. Pumzika, baba, umefanya kazi.

Nanyi kaeni. Kaeni hivyo hivyo, karibu.